Zoezi la Kuokota Korosho

Nilipokubali kufundisha semina ile ya Lindi mjini, sikuwa na nia mbaya na mtu. Nia mbaya ilinijia asubuhi ya siku ya kwanza, nikiwa napanga viti, nilipomsikia mwanamume akicheka mlangoni. Kicheko kile nilikijua. Nilikuwa nimekitunza miaka sita, na nilikuwa nimeapa kwamba siku nikikisikia tena, mwenye nacho atanijua mimi ni nani.

Kazi yangu ni fiziotherapia, tiba kwa mazoezi. Semina ilikuwa ya siku nne, ya wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini na makocha wa klabu za jogingi, ili wajue namna ya kuwafanyisha mazoezi wazee wenye mifupa myepesi bila kuwavunja. Madaktari huuita ugonjwa huo osteoporosisi. Mfupa unaisha ndani kwa ndani, kama ubao ulioingiwa na mchwa: nje mzima, ndani matundu. Mwenye nao hajijui mpaka siku avunjike, na wanaovunjika zaidi ni mama zetu.

Mwenye kicheko alikuwa kocha. Nitamwita hivyo tu, maana jina lake halistahili wino wangu. Aliingia na fulana ya klabu yake, kifua mbele, akasalimia kila mtu kwa mkono. Aliponifikia mimi akasema, "Mwalimu, tumekuja kuchota elimu." Hakunijua. Miaka sita nimelala na kuamka naye moyoni, na yeye hakunijua hata sura. Hilo peke yake lilitosha kunipandisha mori.

Lazima nieleze alichofanya.

Mama yangu alikuwa mkulima wa korosho Rutamba. Baba alipofariki, mikorosho aliihudumia mwenyewe, na akiwa na miaka sitini na ushee bado alikuwa akipalilia chini ya miti yake kabla jua halijakaza. Kisha kocha akaanza kuja kutoka mjini kila Jumamosi kwa pikipiki, na spika amefunga nyuma, kuwafanyisha mazoezi akina mama wa kijiji kwenye uwanja wa mpira. Wakampenda. Alijua kutania, alijua kuimbisha, na sitamnyima haki yake, alikuwa na akili. Aliona mazoezi ya mjini hayawaingii, akabuni lake kutokana na kazi waliyoijua. Aliliita zoezi la kuokota korosho.

Lilikuwa hivi. Akina mama wanapangwa mistari miwili. Mbele ya kila mmoja zimemwagwa korosho, nyuma yake ipo ndoo. Kocha akiita "Korosho!", wanainama miguu ikiwa imenyooka, wanaokota. Akiita "Ndoo!", wanajipinda kiuno mpaka nyuma na kutupia ndani bila kunyanyua unyayo. Korosho, ndoo. Korosho, ndoo. Ngoma inakimbia, nao wanakimbia nayo, na anayejaza ndoo kwanza anapewa mche wa sabuni. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Hakuna aliyeona ubaya, maana nani asiyejua kuokota korosho? Mama ameokota maisha yake yote na hakuvunjika. Lakini shambani mtu anachuchumaa, anasogea, anakaa chini kukonyoa korosho kwenye mabibo, akichoka anapumzika, na hakuna anayemhesabia. Wala hatupi kitu nyuma yake kwa kiuno. Kocha alichukua kazi, akaiondolea yale yote yaliyokuwa yanamlinda mfanyakazi, akaacha maumivu na mdundo.

Jumamosi ya kwanza ya zoezi hilo mama alisikia kitu kikilia mgongoni, kah. Akasimama, akashika kiuno, akamwambia kocha. Kocha akacheka kile kicheko, akasema mbele ya watu, "Bibi, hiyo ni kutu inatoka! Dawa ya moto ni moto. Jumamosi ijayo uongeze." Watu wakacheka, na jirani mmoja akarekodi yote kwa simu; ndipo nilipokijulia kicheko hicho. Mama naye akacheka, kwa sababu hakutaka kuonekana mvivu. Wiki nzima alilala kwa ubavu mmoja, na Jumamosi akarudi, akaongeza. Siku hiyo alibebwa na wenzake kwenye kanga.

Picha ya mionzi ilionyesha pingili tatu za uti wa mgongo zimebonyea kwa mbele. Nilipompeleka hospitali alikuwa ananifika sikioni. Leo ananifika begani.

Hata hivyo si kuvunja kulikoniunguza. Watu hukosea, mimi mwenyewe nimekosea wagonjwa. Kilichoniunguza ni kwamba kocha hakuja kumpa pole. Kwetu hata adui huenda kumjulia hali mgonjwa, akakaa kidogo kwenye jamvi, akaondoka na uadui wake. Huyu hakuja. Alihamishia Jumamosi zake kijiji kingine, na habari tulizopata ni kwamba alisema mama alikuja na ugonjwa wake toka nyumbani, na kwamba wazee wengine hutafuta pa kusingizia. Nikamchukua mama, nikamleta kwangu Lindi, nikamnunulia kiti kizuri chenye mgongo, nikamkalisha. Mikorosho tukamwachia mjomba. Na kocha nikamweka kiporo.

Kwa hiyo asubuhi ile ya semina nilimwambia, "Kocha, njoo ukae mbele, mtu mrefu unanifaa." Akaja kwa furaha.

Somo la kwanza huwa nalifundisha kwa viberiti. Napanga makasha matupu moja juu ya jingine mpaka yanakuwa kama uti wa mgongo, kisha namwita mtu aukunje kwa mbele. Makasha ya katikati hubonyea upande wa mbele, yakabaki na umbo la kabari, na hayarudi tena. Nilimwita kocha. Nikamwambia, "Kunja. Sasa kunja huku unapinda kushoto. Rudia." Kila kasha lilipobonyea nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Huku nikiwasimulia habari za bibi mmoja, mkulima, aliyefanyishwa zoezi la kuinama na kujipinda kwa mashindano, akasema anaumwa, akaambiwa aongeze. Kijiji sikukitaja. Korosho sikuzitaja.

Kocha alikuwa ameshika viberiti vilivyobonyea. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akauliza, "Mwalimu, nani alimfundisha huyo bibi? Mtu kama huyo si wa kuachwa hivihivi."

"Hataachwa," nikamjibu.

Mungu anisamehe, nilitamani saa ile isiishe. Wahenga walisema malipo ni hapahapa duniani, nami nilikuwa nimemshika mdeni wangu na viberiti mkononi, na mwenyewe kajihukumu. Ningeweza kusema papo hapo. Nikaona ni mapema mno. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Siku ya pili na ya tatu nilimwonea, sina neno jingine. Maswali magumu yalikuwa yake. Akipatia nilimwambia aeleze tena kwa ufupi, akieleza kwa ufupi nilimwambia hakueleza vya kutosha. Tulipofundisha kuinama kwa usalama, mtu huwekewa mpini wa jembe mgongoni, uguse kichwa, mgongo na makalio, kisha ainame kwa kukunja nyonga na sehemu zote tatu zisiuache mpini. Wengine niliwaruhusu wakae baada ya mara tano. Yeye nilimwinamisha mpaka shati likalowa. Alikuwepo muuguzi mmoja mtu mzima kutoka Rondo, mama mpole asiyepitwa na jambo. Wakati wa chai alinisogelea na kikombe chake akaninong'oneza, "Mwalimu, hapa tunafundishwa au kuna mtu anachinjwa?"

Nikacheka, nikamwambia kwamba kocha ni mkaidi, anahitaji kunolewa.

"Haya," akasema. "Ila kisu chenyewe naona unakifurahia."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kocha alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliandika kila kitu. Alibaki baada ya muda kuuliza. Niliposema kwamba mzee asitishwe, aliinua kichwa akaniangalia kama mtu aliyepewa kitu. Nilisema hivi, nakumbuka maana ndiyo maneno yangu ya kila semina: "Mkimwambia mzee usifanye hiki, usifanye kile, atakaa. Na mfupa unaokaa unazidi kuisha. Muulizeni kwanza anataka kufanya nini, kisha mtafutieni njia ya kukifanya." Nilikuwa nayasema kwa ufasaha sana.

Siku ya nne ilikuwa ya mtihani. Kila mshiriki aende nyumbani kwa mzee mmoja hapa mjini, mzee ambaye kliniki yetu inamjua, amfundishe kwa dakika ishirini huku mtahini akiangalia. Akifaulu anapata cheti cha kuongoza mazoezi ya wazee kwenye klabu yake. Akishindwa hapati, na klabu yake hairuhusiwi kuchukua wazee. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, akimlazimisha mzee mkao wowote wenye hatari, ameshindwa papo hapo. Ya pili, mtahini haongei. Zote niliziandika mimi.

Wazee waligawanywa kwa kura kwenye kofia. Kura ya kocha haikuingia kofiani. Niliificha kiganjani, na mkono wake ulipokuja nikaipenyeza. Ilikuwa na anwani ya nyumbani kwangu.

Nilishapanga yote. Ataingia, atamwona mama, atababaika, atakosea. Mama ana kibiongo sasa, na kocha aliyebabaika atatumia mpini kama alivyofundishwa, atalazimisha kichwa cha mama kirudi nyuma kiuguse. Hapo nitasema "Basi." Nitamnyima cheti mbele ya mama yangu, kisha nitamweleza mimi ni binti wa nani. Maneno nilikuwa nayo tayari, niliyafanyia mazoezi miaka sita.

Njiani kwenye bajaji kocha alikuwa anasoma daftari lake midomo ikicheza, kama mtoto wa madrasa kabla ya kusomeshwa.

Akapiga hodi, tukakaribishwa. Mama alikuwa kwenye kiti chake sebuleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Mama hawezi kuinua shingo vizuri, humwangalia mtu kwa kupandisha macho tu. Akayapandisha, akamtazama muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Korosho, ndoo."

Daftari lilimponyoka kocha. Sijapata kuona uso wa mtu mweusi ukipauka vile. Akamgeukia mama, akanigeukia mimi, akaona pua ile ile kwenye nyuso mbili. Mimi nikatazama saa, nikasema, "Bibi wa viberiti ndiye huyu. Mtihani umeanza."

Utamu niliousikia kifuani siwezi kuuficha. Nilitaka akimbie. Nilitaka alie. Nilitaka aseme uongo nimkamate nao.

Alivua viatu. Akaketi chini kwenye jamvi, chini kabisa ya usawa wa macho ya mama ili asihangaike kumtafuta. Akasema, "Bibi, pole. Nimekuja kukupa pole. Nimechelewa."

"Umechelewa sana," mama akasema. "Uji niliokuwekea umeshachacha."

Kocha hakucheka. Akauliza, "Bibi, kitu gani mwili umekunyima, na wewe unakitaka?"

Mama akanitupia jicho. "Huyu atoke kwanza."

"Ni mtahini, bibi. Hawezi kutoka."

"Basi azibe masikio." Akavuta pumzi. "Nataka kusujudu. Huyu kanikataza. Kaniambia nisali kwenye kiti kwa macho na kidole, nisiiname kabisa. Nami siwezi kwenda mbele ya Mola wangu nimekaa kama nasubiri chai. Akitoka kwenda kazini nashuka. Nasujudu chini, kisha nanyanyuka kwa kuvuta mguu wa kitanda."

"Mama!" nikapiga kelele. "Tangu lini?"

Kocha akainua mkono bila kunigeukia. "Samahani, mwalimu. Mtahini haongei."

Nikafunga mdomo. Miaka sita mama yangu alikuwa akishuka sakafuni peke yake, mlango umefungwa, mgongo umekunjwa, pingili zile zile, na kujivuta juu kwa mguu wa kitanda. Angeweza kuvunjika nyonga akalala pale mpaka jioni nirudi. Na sikujua, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Nilimpigia marufuku siku ile nilipomtoa hospitali, na hadi dakika ile nilidhani ananitii.

"Usinionyeshe unavyoshuka," kocha alimwambia. "Nimeelewa. Tuone cha kufanya hapo hapo kitini."

Akamsogeza mama ukingoni mwa kiti, akasukuma kiti kikagusa ukuta kisiteleze. Akamtanua miguu. Akaomba mpini, sikuwa na mpini wa jembe, akatumia wa fagio. Akauweka mgongoni kwa mama, nami nikasogea. Kichwa cha mama hakikuufikia. Kibiongo hakikuruhusu, palibaki pengo la kiganja kizima. Hapa ndipo nilipokuwa nikipangoja. Nikamwomba Mungu, ndiyo, nilimwomba, kwamba mkono wa kocha upande ukisukume kile kichwa nyuma.

Mkono haukupanda. Kocha alilitazama pengo lile, akasema, "Kichwa kiache kilipo, bibi. Tutafuata mgongo na makalio tu, hivyo viwili visiuache mpini." Akamwekea mama viganja mapajani. "Sasa usikunje mgongo. Kunja hapa nyongani, kama mlango kwenye bawaba. Viganja viteleze mpaka magotini. Hiyo ndiyo rukuu yako. Rudi. Sasa shuka kupita hapo kidogo, viganja vipite magoti, hiyo ndiyo sijida yako. Mpini ukianza kuachana na mgongo nitakwambia, hapo ndio mwisho wa leo."

Mama akashuka. Alishuka mbali kuliko nilivyomwona akishuka tangu Rutamba, na mpini haukuachana na mgongo wake. Alibaki pale chini, na nikamsikia akisema tasbihi yake mara tatu, kisha akazidisha, akazidisha tena. Aliponyanyuka uso ulikuwa umelowa.

"Kwa hiyo kuinama kunawezekana," akasema.

"Kunawezekana, bibi. Ila kwa njia hii tu. Chini usishuke tena."

Mama akanipandishia macho yake. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo. "Huyu alinivunja Jumamosi mbili," akasema. "Wewe, mwanangu, umenikalisha miaka sita."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta, karatasi ya alama mkononi. Kocha alinifuata, viatu mkononi. Akasema, "Dada, sina cha kujitetea. Niliogopa. Kila Jumamosi nilisema nitakwenda, na kila Jumamosi aibu ikawa kubwa kuliko ile iliyopita. Nisamehe."

Nilimwambia simsamehe. Nilimwambia yale yote niliyoyaandaa, neno kwa neno, kuhusu kutu, kuhusu kanga aliyobebewa mama, kuhusu jamvi ambalo hakuja kukaa. Aliyasikiliza yote kichwa kimeinama. Nilipomaliza sikujisikia nimeshiba. Nikatazama ile karatasi nikitafuta pa kumtoa alama. Amemuuliza mzee kwanza: ndiyo. Amezingatia kibiongo: ndiyo. Hakumtisha. Hakumlazimisha. Nilishuka mpaka chini, nikapanda tena juu, sikupaona. Ningeweza kudanganya, na kama mzee angekuwa mama wa mtu mwingine pengine ningedanganya. Lakini mama alikuwa anatusikia. Nikaandika amefaulu, nikatia saini, kalamu ikatoboa karatasi.

Mama akaita kutoka ndani. Nilidhani ananiita mimi. "Kocha! Jumamosi uje tuendelee. Huyu ana kazi nyingi."

Anakuja kila Jumamosi sasa, bila spika. Sijamsamehe, na sioni dalili. Akiingia namwitikia salamu, naenda jikoni, mlango nauacha wazi, nasikiliza anavyomhesabia mama taratibu, nikingoja akosee. Sijasikia kosa bado.